Ndugu au Wajina: Treni Kutoka Göteborg Mpaka Zagreb

Jumatatu, Göteborg

Tumeanza. Mjomba wangu, kaka yake mama, mwalimu mstaafu wa Kiingereza wa sekondari za Morogoro, kaja kunitembelea huku Sweden na juzi akaniambia wazi kwamba hakupanda ndege kutoka Dar kuja kuangalia ukuta wa sebule yangu, anataka treni. Haya. Mimi nimekata Interrail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, kwa kuwa naishi Ulaya, yeye Eurail kwa kuwa anaishi nje, lakini treni ni zilezile. Tutateremka kusini mpaka tuishie Zagreb, Kroatia, na kila jioni nitaandika humu, maana siku ya kwanza tu safari imeshachukua sura yake yenyewe, imekuwa safari ya maneno.

Hata stesheni hatujafika. Ndani ya tramu sauti ikatangaza "slutstation" na mzee wa watu akakaza shingo, yeye kaishi na Kiingereza maisha yake yote na kwa Kiingereza "slut" ni tusi la kumvunjia heshima mwanamke, neno ambalo mwalimu halitamki darasani. Nikamwambia mjomba tulia, hapa "slut" ni mwisho, kituo cha mwisho, tushuke. Tunashuka, mbele yetu geti la magari limeandikwa "infart". Kwa Kiingereza "fart" ni ushuzi, samahani kwa wanaokula, kwa Kiswidi ni mwendo, spidi, na "infart" ni pa kuingilia magari. Tunapanda treni, kuna sehemu ya watoto imeandikwa "barn", ambalo kwa Kiingereza ni ghala la mazao shambani.

Wengine wangepiga picha wacheke waendelee na safari. Mjomba akatoa daftari. Akaniuliza swali ambalo ndo limetubeba mpaka sasa hivi naandika: "Mjomba, haya maneno ni ndugu au ni wajina tu?"

Yaani alichokuwa anauliza ni hiki. Watu wawili wakiitwa Juma haimaanishi wana undugu wowote, ni wajina. Lakini wapo wengine ni tumbo moja kabisa, walitengana zamani, kila mmoja akakulia kwake na tabia zake. Kwenye maneno ni hivyohivyo na kwa macho huwezi kujua, lazima uulize ukoo. Tukaanza kuuliza ukoo, mimi na simu yangu na kamusi, yeye na kichwa chake. "Barn" la Kiswidi limetokana na kitenzi cha kuzaa, ndo maana Waskoti mpaka leo mtoto wanamwita "bairn". La Kiingereza ni maneno mawili ya kale yaliyobanana, shayiri na nyumba, nyumba ya shayiri. Wajina. "Slut" la Kiswidi lilitoka kwa wafanyabiashara wa kaskazini ya Ujerumani, kwenye neno lao la kufunga. Wajina pia. "Fart" la huku limetoka kwenye kusafiri, ukoo mmoja na "Fahrt" la Wajerumani, na lile la Kiingereza lina mzizi wake tangu kale na kazi yake imebaki ileile, upepo. Wajina.

Kwenye kahawa mjomba akaona kibao kimeandikwa "kaka". Kaka anauzwa! Ni biskuti, au keki ndogo. Hapa nilifurahi mwenyewe, maana kumbe "kaka" hili waliingia nalo Uingereza Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, Waingereza wakalifanya "cake", na sisi tukalichukua kwa Waingereza tukaliita keki. Kwa hiyo kwa kaka wa nyumbani ni wajina, ila kwa keki ya harusi ni babu mzaa babu.

Jumanne, Copenhagen

Daraja la Øresund ni kitu cha kuona. Limefunguliwa 2000, unatoka Malmö unaenda juu ya bahari karibu kilomita 8, halafu treni inashuka kwenye kisiwa cha kutengeneza kinaitwa Peberholm, inaingia chini ya maji, inatokea Denmark. Yote hayo ni chini ya nusu saa, na upande wa pili maneno yameshabadilika bila kubadilisha hata herufi.

Mswidi akisema mtu fulani ni "rolig" anamaanisha anachekesha, raha kukaa naye. Mdenmark akisema hivyohivyo anamaanisha mtulivu. Hawa ni ndugu, ndani yao kuna "ro", utulivu, Waswidi wakalisogeza polepole kutoka kutulia kwenda kuburudika kwenda kuchekesha. "By" kwa Mswidi ni kijiji, kwa Mdenmark na Mnorwe ni mji. Ndugu tena, asili yake ni makazi, mahali watu wamekaa, na Waviking wa Denmark walipohamia Uingereza walilimwaga kule mpaka leo limeganda kwenye majina ya miji, Derby, Grimsby, Whitby. Mjomba hapo alisimama kabisa. Kafundisha jiografia ya Uingereza kwa kulazimishwa na silabasi ya zamani na hakuna siku aliwahi kuambiwa kwamba ile "by" ya mwisho ni Kidenmark.

Jirani yetu kwenye treni alikuwa mama wa Kinorwe na ndo alitupa lililo tamu kuliko yote ya leo. "Frokost". Kwao Norway ni chai ya asubuhi. Denmark ni chakula cha mchana. Neno lenyewe limetoka kwa Wajerumani wa kaskazini na maana yake ni chakula cha mapema, sasa Wadenmark wakaanza kuita chai ya asubuhi "morgenmad" na "frokost" ikasukumwa mbele mpaka mchana. Anasema ukialikwa frokost uliza na saa. Na tena akatuambia "grine", Denmark ni kucheka na Norway ni kulia. Kucheka na kulia! Mjomba alikataa kuamini mpaka tukatazama ukoo: ni neno la kukunja uso na kuonyesha meno, ndugu yake "grin" la Kiingereza. Na kweli mtu huonyesha meno akicheka na huonyesha meno akilia. Wadenmark wakachukua uso wa furaha, Wanorwe wakachukua uso wa huzuni.

Hapa nataka niseme kitu. Vitabu vya kufundisha lugha hivi vitu vinaviita marafiki wa uongo, jina lililoenezwa na Wafaransa wawili, Koessler na Derocquigny, mwaka 1928. Mimi hilo jina silipendi. "Grine" hajamdanganya mtu yeyote, kakaa kwao anasema ukweli wake kila siku.

Jumatano, Hamburg

Zamani treni ya Copenhagen kwenda Hamburg ilikuwa inaingia ndani ya meli, behewa na abiria wote, kutoka Rødby mpaka Puttgarden. Hiyo imekufa mwaka 2019, siku hizi inazungukia Jutland na kuvukia Padborg, mwendo mrefu na mabustani ya kijani mpaka unasinzia.

Stesheni ya treni za chini inaitwa "Rathaus". Kwa macho ya Kiingereza ni nyumba ya panya, na jengo lenyewe ni jumba la fahari la mji wa Hamburg, limejengwa 1886 mpaka 1897. "Rat" kwa Kijerumani ni baraza, ushauri. Na jana tulipokuwa Denmark "rat" ilikuwa usukani wa gari. Baraza, usukani, panya. Wajina watatu, hakuna anayemjua mwenzake.

Supamaketi mjomba akasimama kwenye rafu ya "Öl". Göteborg "öl" ni bia, tumeiona kila baa, Hamburg "Öl" ni mafuta, ya kupikia au ya gari yote sawa. Hata zile nukta mbili juu ya herufi zinafanana. Lakini la Wajerumani lina asili ya Kilatini, zeituni huko, na la Waswidi ni neno la kale la watu wa kaskazini, ndugu yake "ale" ya Waingereza. Wajina kabisa, na usichanganye kwenye kikaango.

Sasa "gift". Hili nililiweka akiba tangu Göteborg kwa sababu nilitaka alione lenyewe. Kiingereza ni zawadi. Dukani Hamburg, kwenye chupa ya dawa ya panya, "Gift", na kichwa cha mfu pembeni. Sumu. Mjomba alinyamaza. Halafu nikamkumbusha kwamba kwenye fomu zangu za Sweden, hali ya ndoa, pameandikwa "gift" na "ogift", yaani nimeoa au sijaoa, na Kiswidi hichohicho "gift" pia ni sumu. Zawadi, ndoa, sumu, herufi nne zilezile.

Akasema hawa lazima wajina, haiwezekani. Na hapana, ni ndugu wa damu. Wote wametoka kwenye kitenzi cha kutoa. Waingereza wakabaki na kitu kilichotolewa. Waswidi wakachukua na kutolewa kwa bibi harusi, na Wajerumani nao wana "Mitgift", mali anayokuja nayo mke kwenye ndoa, kinyume cha mahari yetu. Na sumu? Hiyo ilianza kama kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Wagiriki kipimo hicho walikiita "dosis", maana yake kutoa vilevile, na Wajerumani wa zamani wakaiga fikra hiyo kwa neno lao wenyewe. Tena watu hawakutaka kuitaja sumu kwa jina, wakawa wanasema amepewa kitu. Na ile "dosis" ya Wagiriki ikapita kwenye Kilatini, Kifaransa na Kiingereza ikafika kwetu kama dozi. Mjomba akarudia mara nyingi, dozi, dozi, kumalizia dozi. Hospitali za nyumbani kila siku neno hilo linatamkwa na asili yake ni kutoa.

Jioni tulikaa nje kidogo tunaongelea "Schule", maana shule yetu imetoka hapa, na hela pia, ile Heller, sarafu ndogo ya wakoloni wa Kijerumani. Mjomba anasema kafanya kazi kwenye neno la Kijerumani miaka yote na kulipwa kwa neno la Kijerumani, na somo lenyewe lilikuwa Kiingereza.

Alhamisi, njiani kwenda Amsterdam

Kabla ya mpaka wa Uholanzi kuna stesheni inaitwa Bad Bentheim. Ujerumani imejaa miji ya Bad hivi na Bad vile. "Bad" ni bafu, kuoga, na hii ni miji yenye maji ya tiba. Ndugu yake kwa Kiingereza ni "bath", siyo lile neno la ubaya.

Behewa hili lilitupa kitu cha nyumbani. Kijana mmoja akatuuliza tunaongea lugha gani, mjomba akamjibu Kiswahili, tuko safari. Kijana macho yakafunguka, akauliza tumeona wanyama gani. Hakuwa na ubaya, kwao "safari" ni simba na tembo na gari la wazi. Kijerumani, Kiholanzi, Kifaransa, Kidenmark, Kiitaliano, kote imeandikwa hivyohivyo na kote ni wanyama. Waliitoa kwetu kupitia Waingereza karne ya 19, enzi za wavumbuzi na wawindaji wakubwa, na sisi wenyewe tuliitoa kwa Waarabu ikiwa na maana ya kusafiri tu. Mjomba akamweleza vizuri, kwa subira ya mwalimu, kwamba bibi akipanda basi kutoka Korogwe kwenda Tanga kumuona mjukuu hiyo ni safari, na mtu akifariki watu husema katangulia safari. Kijana akaandika kwenye simu yake. Ndugu huyu alichukuliwa akiwa mzima akaenda kupewa kazi moja tu ya kutembeza watalii, na mimi hilo linaniuma kidogo.

Amsterdam yenyewe, haraka maana nimechoka. "Winkel" ni duka, Ujerumani ni pembe. Ndugu, kwa sababu duka lilikuwa kwenye kona ya mtaa. "Bellen" hapa ni kupiga simu, Ujerumani ni kubweka, kwa hiyo Mholanzi akisema kwa Kijerumani chake cha kubahatisha kwamba jioni atabweka, msubirie simu. "Slim" hapa ni mwenye akili, Kiingereza ni mwembamba, na Waingereza walilichukua hapahapa Uholanzi karne ya 17. Mwanzoni lilikuwa kitu kilichopinda. Kutoka kupinda mmoja akafika kwenye ujanja, mwingine kwenye wembamba, na Wajerumani na "schlimm" yao wakafika kwenye ubaya.

Moja limenikera. "Doof" kwa Kiholanzi ni kiziwi. Kwa Kijerumani ni mjinga. Ni neno lilelile, ndugu na "deaf" la Kiingereza, Wajerumani walilitoa kwenye lahaja zao za kaskazini likabaki na matusi peke yake. Mjomba aliwahi kuwa na mwanafunzi kiziwi, anasema alikuwa anamaliza hesabu kabla ya wenzake. Hakuliandika kwenye daftari hilo.

Ijumaa, Enkhuizen

Nilitaka tupumzike lakini nilikuwa na maji ya kumuonyesha. Tukachukua treni mpaka Enkhuizen, reli inaishia karibu na maji kabisa, unashuka upepo unakupiga usoni.

Kiholanzi bahari ni "zee" na ziwa ni "meer". Kijerumani imegeuka, "Meer" ni bahari na "See" ni ziwa. Ndugu wote wanne, majirani, mpaka mmoja, wamebadilishana. Ukidhani umeelewa, Wajerumani wanakuletea Nordsee ambayo ni bahari na Bodensee ambalo ni ziwa, neno moja, tofauti ni jinsia tu, "die See" bahari na "der See" ziwa. Na huko kaskazini mwao, karibu na Hannover, kuna Steinhuder Meer ambalo ni ziwa, yaani Wajerumani wa huko wanalitumia kama Waholanzi. Hiki ndo nilikuwa namwambia mjomba tangu jana: maana haikatiki pale polisi wa mpaka wanapokagua pasi, inapauka taratibu kadri treni inavyokwenda.

Na hapa Enkhuizen kuna kisa cha aina yake. Maji haya yalikuwa bahari, yakiitwa Zuiderzee, bahari ya kusini. Yalikuwa yanaua watu kwa mafuriko, mwaka 1916 yalipasua kingo yakaingia vijijini, ndipo Waholanzi wakaamua kuyafungia. Wakajenga ukuta kukata ghuba yote, Afsluitdijk, kilomita 32, wakauziba mwaka 1932. Chumvi ikaisha polepole, maji ya mto IJssel yakajaza, yakawa matamu. Na jina likabadilishwa: IJsselmeer. Bahari ilibadilishwa neno kwa sababu watu waliibadilisha yenyewe. Samaki wa maji chumvi wakaondoka na wavuvi wengi wakakosa riziki, kuna makumbusho ya maisha yao hapahapa. Mjomba kakaa ukingoni muda mrefu anauliza maswali, je wazee waliozaliwa wakiita zee walikubali kusema meer? Mimi nadhani mvuvi aliyezoea kuvua heringi hapo hakuwa na haraka ya kubadilisha.

Akaniambia na Waarabu, "bahr" kwao inaweza kuwa hata mto, ndo maana kuna Bahr el Ghazal kule Sudan Kusini, na sisi tulipoichukua tukaibakiza kwenye maji ya chumvi.

Jumamosi, Paris

Kifaransa na Kiingereza ni kazi nzito kwa mjomba kwa sababu Waingereza walichukua maneno ya Kifaransa kwa magunia, kwa hiyo anajua mengi halafu hayakai anapotegemea.

"Pain" juu ya mlango wa bekari. Kiingereza maumivu, Kifaransa mkate. Wajina, mkate umetoka "panis" ya Kilatini, maumivu yametoka "poena", adhabu. "Chair" Kiingereza kiti, Kifaransa nyama ya mwili. Wajina. "Location" ukiona kwenye duka la baiskeli wanakodisha, Waingereza wakamaanisha mahali, hawa ndugu, kuweka kitu na kukiweka kwa mtu akutumie. Lakini "coin" ndo ilinifurahisha. Kifaransa kona, Kiingereza sarafu. Nilikuwa tayari kuandika wajina, mjomba akasema subiri. Asili ni kabari, kile chuma chenye pembe, halafu ikawa chuma cha kugongea chapa kwenye fedha, halafu Waingereza wakaita hivyo fedha yenyewe iliyogongwa. Wafaransa wakabaki na pembe. Ndugu!

Kisha "sale". Dirishani neno la Kiingereza "sale", punguzo la bei, na mama mmoja wa Kifaransa anamvuta mwanawe kutoka kwenye dimbwi hapohapo mbele ya duka anamwambia "c'est sale", ni chafu. Hili tumelifungulia ukurasa wake kwenye daftari, halijaisha.

Jumapili, Milano

Tumepitia Zürich, tumepita chini ya Gotthard, shimo la kilomita 57, reli ndefu kuliko zote chini ya milima, tangu 2016. Mbele yetu alikaa binti wa Kihispania na ndo katumalizia ukurasa wa "sale". Kiitaliano ni chumvi, iko mezani. Kiitaliano hichohicho "sale" pia ni anapanda. Kihispania ni anatoka. Kwa hiyo ndani ya behewa moja: mauzo, uchafu, chumvi, anapanda, anatoka. Tukahesabu ukoo. Mauzo yametoka kwa Wanorse. Uchafu kwa Wafranki, kabila la Kijerumani lililotawala Ufaransa. Chumvi Kilatini. Anapanda na anatoka ni ndugu, Kilatini chao kilikuwa kuruka, mmoja akaruka juu mwingine akaruka nje. Mjomba anasema angekuwa bado anafundisha angelimaliza kipindi kizima kwa neno hili moja.

Binti alitaja pia "burro". Kwao ni punda, hapa Milano ni siagi, ukisoma menyu ya Kiitaliano kwa Kihispania utafikiri tambi zimepikwa na punda. Wajina. "Caldo" hapa ni moto, ndo maana bomba lenye C la hotelini linatoa maji ya moto na wageni waliozoea Kiingereza wanaungua. Kihispania "caldo" ni supu. Ndugu hao, supu ni kitu cha moto. "Gamba" Kiitaliano mguu, Kihispania kamba wa baharini, Kiswahili gamba la samaki, na nyumbani lilishaingia hata kwenye siasa, kujivua gamba. Wajina wote watatu.

Jumatatu, Milano

Mvua. Mjomba kalala mpaka saa nne. Hakuna neno jipya isipokuwa "firma", hapa sahihi, Ujerumani kampuni. Ndugu, kampuni ni jina ambalo mfanyabiashara anatia sahihi.

Jumanne, Trieste

Mji huu ulikuwa bandari kubwa ya Austria mpaka 1918 na bado unaonekana hivyo. Upepo wake unaitwa bora. Unashuka kutoka milimani kwa kishindo, kilomita zaidi ya 100 kwa saa ukikasirika, zamani walikuwa wanafunga kamba barabarani watu wazishike wasibebwe. Chanzo ni Boreas, upepo wa kaskazini wa Wagiriki. Kwetu bora ni bora. Leo haukuvuma. Mjomba alivunjika moyo kweli, alitaka aupigie simu nyumbani wausikie.

Jumatano, Ljubljana

Tumeingia kwenye lugha za Kislavi na daftari limejaa haraka mno. "Grad" ni ngome, ipo juu ya kilima katikati ya mji, huwezi kuikosa. Mhudumu akatuambia kesho tukifika Kroatia "grad" itakuwa mji mzima. Ndugu wa damu, mahali palipozungushiwa ukuta, mmoja akabaki ndani ya boma na mwingine akatoka nje na watu. Ni ukoo wa zile grad na gorod za Belgrade na Novgorod. Kijerumani "Grad" ni digrii za joto, huyo wajina. "Most" ni daraja, na kuna la mazimwi lilifunguliwa 1901, Zmajski most, tumepiga picha.

Halafu "slovo". Slovenia ni kuagana, kwaheri. Kroatia ni herufi, a, e, i. Wacheki wao ni neno. Neno, herufi, kuagana, ndugu wa tumbo moja, wote watoto wa kusema. Huyu wa Slovenia ndo alikwenda mbali zaidi, nadhani kwa sababu watu wakiagana kuna neno la mwisho lazima lisemwe.

Alhamisi, Zagreb

Hosteli ndogo, mama mwenye nyumba mkarimu sana. Binamu yangu akapiga simu ya video kutoka Morogoro, sauti juu: "Baba, shikamoo! Baba umefika?" Mama yule akaja na tabasamu akatuuliza kama bibi yetu anaendeleaje. Maana "baba" kwao ni bibi! Na baba ni "tata", ambalo ukienda Kongo ni baba vilevile. Vinywa vya watoto wachanga vinaanza na ba na ta na ma dunia nzima, wazazi ndo wanagawana nani ni nani. Mama akauliza moja mbili tatu inasemwaje kwetu, tulivyofika moja akacheka, "moja" kwao ni "yangu", na sita mwanamke anasema akishiba. Basi kila chakula alichotuletea mjomba anahesabu mpaka sita.

Ila jambo la leo ni la kijana wa Kipolandi tuliyelala naye chumba kimoja. Anatafuta kazi ya jikoni, kapewa karatasi ya mkataba, kuanza mwezi wa "listopad". Anasema vizuri, anarudi kwao kwanza, Novemba atakuja. Mjomba akiwa anafunga begi akasikia hilo neno. Mchana alikuwa kashaona kalenda ukutani jikoni na kuhesabu miezi, akamuita mama mwenye nyumba. Wakaiteremsha kalenda. Listopad ni kuanguka kwa majani. Poland na Ucheki wanaita hivyo Novemba. Kroatia listopad ni Oktoba, na Novemba wanaita studeni, mwezi wa baridi. Neno moja, herufi moja moja zilezile, ndugu kabisa, na tofauti yake ni mwezi mzima wa mshahara.

Kijana akabisha kidogo, akampigia mwajiri, akasikiliza, akakaa kitandani. Oktoba. Kabadilisha tiketi yake ya basi hapohapo kwa simu. Mjomba akampa mkono, akafungua daftari akaliweka "listopad" chini ya ndugu, akaniomba nimtafutie Kiukraini nao wanasemaje.

Wao Novemba.